Hesabu ya Nyasi na Ng'ombe wa Ochieng

Anayekata nyasi za kuezekea hukata ndefu na kuacha fupi. Anayekata nyasi za kupima hukata zote zilizomo ndani ya duara: ndefu, fupi, mbichi, kavu, hata zile zilizolazwa na kwato. Na ile iliyoinama nusu ndani nusu nje, unatazama mzizi wake umesimama upande gani. Mzizi ukiwa nje, iache, si yako. La kwanza nilifundishwa na mama nikiwa msichana. La pili nilifundishwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye uwanda wa udongo mweusi nje ya Homa Bay, miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, na aliyenifundisha hakunibembeleza.

Alikuwa Mzee Marwa, Mkuria mrefu ambaye zamani alizunguka na madaktari wa mifugo, na sasa alikuwa msimamizi wetu sisi wakataji. Alisimama nyuma yangu, fimbo begani, akanitazama weee, ndipo akasema, "Mama, nyumba hii unayoezeka ni ya nani?"

"Nakata nyasi, Mzee. Si ndiyo kazi?"

"Unachagua nyasi. Hizi fupi umeziacha kama nywele za mtoto. Ng'ombe naye ataziacha?"

"Hataziacha."

"Basi wewe una madaha kuliko ng'ombe. Rudia."

Nikarudia. Jioni mgongo ulikuwa umekatika vipande viwili. Walitaka wanawake kwa kazi ile kwa sababu, walisema, mwanamke huinama bila kulalamika. Mimi nililalamika kila siku na bado hawakunifukuza, kwa hiyo sijui nani aliwadanganya.

Nyinyi vijana mliobaki ofisini mmenisumbua niandike haya tangu niliporudisha makasi yangu stoo. Nimeandika. Shule niliishia darasa la tatu, msitafute mapambo. Kiswahili changu ni cha kazini: Bwana Mutiso, mkubwa wetu wa hesabu, alikuwa Mkamba, Mzee Marwa Mkuria, mimi Mjaluo, na bila Kiswahili tungebaki kuonyeshana vidole. Habari za vyeo sina, na mshahara wangu niliula zamani. Nitawaambia tulivyopima nyasi wakati ambapo hamkuwa na hizo mashine za vitufe, na nitawaambia habari ya kilima cha ndugu yangu, maana hiyo ndiyo ninayoulizwa kila mara, na kila anayeisimulia huiharibu.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Duara la waya mnene, limepimwa. Makasi ya kukatia manyoya ya kondoo, kwa sababu mundu hung'oa. Mifuko ya kitambaa, kila mmoja na kibao chake cha namba. Mizani ya ndoano. Keekee ya udongo, unaizungusha ardhini mpaka igonge mwamba, ndipo unajua kina cha udongo. Na kipima mvua, kopo la shaba lililosimama ndani ya ua wa miiba. Ua huo haukuwa wa mbuzi peke yake. Kulikuwa na mzee mmoja alisikia kwamba malisho yenye mvua nyingi yataruhusiwa ng'ombe wengi, akaenda na kibuyu akatujazia kopo. Siku hiyo jua lilikuwa limewaka mpaka mijusi wanatafuta kivuli. Mzee Marwa alipoyaona maji akamwita kwa upole, akamwuliza kama mvua hiyo ilinyesha peke yake au ilikuwa na ngurumo.

Nyasi mbichi hazina maana kwenye mizani, unapima maji. Lazima zikaushwe kabisa. Tulianika juu ya mabati, lakini jua la ziwani lina siku zake. Basi Bwana Mutiso akapatana na Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na tanuri la mikate mjini. Mikate ikitoka, mifuko yetu inaingia kwenye joto lililobaki mpaka kesho yake. Kwa misimu miwili watu wa Homa Bay walikula mkate wenye harufu ya zizi. Wateja waliponung'unika, Bwana Salim aliwaambia ni unga wa aina mpya. Alikuwa mtu mwema, ila kila mara aliniuliza, "Mama Perez, hizi nyasi zenu zikiiva mtakula na nini?"

Sasa Bwana Mutiso. Alikuja kijana, ametoka masomoni ng'ambo, shati jeupe siku ya kwanza, na ikawa siku hiyo tu. Kazi aliyotumwa ilikuwa kujua kila kipande cha malisho katika wilaya kinaweza kuzaa nyasi kiasi gani, ili kijulikane kinaweza kulisha ng'ombe wangapi bila kugeuka jangwa. Sikuelewa. Nikamwuliza, nyasi za wilaya nzima tutazikata sisi wakataji sita?

Akasema, "Mama Perez, nikikuletea wageni kumi leo, utasonga unga kiasi gani?"

"Nitajua."

"Utajuaje kabla hawajala?"

"Nimepika miaka mingi."

"Umepika ukaona wageni hivi, unga hivi, maji hivi. Sasa hupimi tena. Mimi nataka kufanya hivyo kwa nyasi. Tunakata mahali pachache. Kila mahali tunaandika mvua, kina cha udongo, mteremko. Halafu natafuta kanuni inayofunga hayo matatu na uzito wa nyasi. Nikiipata, mahali ambapo hatujakata nitaambiwa na kanuni."

Aliiita modeli. Alikuwa na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, inalia kama cherehani iliyokosa mafuta, na alikaa nayo chini ya turubai akizungusha mpaka mkono unamvimba. Sisi tuliiita ile hesabu Ajuoga, yaani mpiga ramli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutabiri. Na ilitabiri kweli. Kabla hatujakata, Bwana Mutiso alisema kwa sauti mbele yetu sote, "Ajuoga anasema hapa ratili moja kasoro." Ndipo tunakata, tunakausha, tunapima. Akipata, Mzee Marwa alisema, "Leo kafara imepokewa." Akikosa, alisema, "Ajuoga amelewa." Shikeni hilo neno la kutabiri kwa sauti kabla ya kukata. Hesabu inayosema baada ya mizani kusema ni kasuku.

Pale Homa Bay ilikosa vibaya. Udongo mweusi ni wa kina kirefu, keekee inazama yote, kwa hiyo Ajuoga akaahidi nyasi za kuficha ndama. Tukakata, tukapata kiganja. Nilidhani Bwana Mutiso atatufokea sisi. Akavua viatu akaingia kwenye matope, akasimama humo. Maji yalikuwa yametuama, mizizi inakosa pumzi. Akarudi kwenye mashine, akaongeza jambo la nne, maji kutuama, akazungusha upya kila kitu tangu mwanzo. Aliniambia hesabu ikikosa usiifiche wala usiitukane, iulize haikuambiwa nini.

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba mkono una macho. Mwanzoni tulitupa duara nyuma ya bega ili lianguke popote. Lakini mtu hatupi kwenye miiba ambako ataenda kuinama mwenyewe. Mzee Marwa, mtu mwaminifu kabisa, duara lake kila siku lilianguka chini ya kivuli. Bwana Mutiso akaliona hilo akakomesha kutupa. Akaandika namba kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia, tukachota. Namba hii hatua za kwenda mashariki, namba hii za kwenda kaskazini, mwenye kamba anapima, anapiga kigingi chenye kitambaa cheupe, mkataji anafuata kigingi. Kigingi kikiangukia juu ya kichuguu, unakata kichuguu.

Baada ya hapo tukahamishwa Ogwedhi.

Mimi ni mzaliwa wa huko, kutoka kilima kimoja kabla hujafika soko la mifugo. Niliolewa Homa Bay. Enzi hizo ukitoka Homa Bay kwenda Migori ulipita Awendo bila kuona muwa wa kiwanda, nyasi tu na vichaka. Tulipiga kambi chini ya kilima chetu, na juu alikaa Ochieng, ndugu yangu wa tumbo moja, na ng'ombe wengi kuliko jirani yeyote. Ochieng alikuwa mtu wa kelele. Asubuhi ulimsikia akiamkia fahali wake kabla hujamsikia jogoo.

Malisho ya huko yalikuwa yameingizwa kwenye skimu. Yaligawanywa kwa bloku, moja ikafungwa ipumzike, na kila bloku nyingine ingepewa idadi ya ng'ombe wake kufuatana na hesabu yetu. Ilikuwepo kamati ya wazee na mtu wa serikali. Sheria yao ilikuwa moja kali: ukikamatwa unachunga ndani ya bloku iliyofungwa, jina lako linatolewa kwenye skimu na mifugo yako yote inatoka. Na kutoka uende wapi? Upande huu mashamba ya watu, upande ule mpaka wa Narok. Kutolewa kulikuwa ni kuuza.

Tukakata kilima. Nilikata nyingine kwa mikono yangu hii. Ajuoga alitabiri kidogo, na mizani ikasema kidogo. Walikubaliana vizuri kuliko mahali popote. Udongo wa kilima ni mwembamba, keekee inagonga mwamba kabla hujatoa jasho. Kwa hesabu hiyo, kilima kingelisha chini ya nusu ya ng'ombe wa Ochieng.

Ochieng alinifuata kambini. "Nyaminwa," akasema, yaani dada yangu, na akiniita hivyo kwa sauti laini najua kuna shida. "Mizani si iko mkononi mwako? Ongeza kidole."

"Kidole changu kina ratili ngapi, Ochieng?"

"Kidogo tu. Kimbebe ndama mmoja hapa, mmoja pale."

"Nikibonyeza leo, kiangazi kikija utawalisha kidole changu?"

Akaondoka akisema kwa nguvu kwamba mimi ni mtoto niliyebadilishwa kliniki. Tulizaliwa kabla ya kliniki, lakini ndivyo alivyosema.

Kiangazi kikaja. Hapo ndipo neno lilipotokea. Mwisho wa kiangazi, ng'ombe wa bloku zote walikuwa mbavu nje. Wa Ochieng waling'aa. Bwana Mutiso akapanda kilima, akawazunguka, akawashika nundu, akashuka. Akaniambia mimi kwanza, na kwa hilo nilimheshimu.

"Mama Perez, mizani haisemi uongo, na ng'ombe pia hasemi uongo. Nyasi za kilima haziwezi kunenepesha wale. Basi wanakula mahali pengine."

Bloku iliyofungwa ilikuwa upande wa pili wa kilima. Hakuhitaji kuitaja.

"Ndugu yangu ana kelele," nikasema. "Hana wizi."

"Sijasema neno hilo."

"Kamati italisema."

"Kamati inakaa baada ya mvua za vuli. Nitapeleka nilichopima. Siwezi kupeleka tabia ya mtu."

Sikubishana naye. Ningekuwa mahali pake ningesema vivyo hivyo. Wakatumwa askari wa skimu kulinda bloku iliyofungwa. Wakalala huko wiki nzima, wakarudi na mafua na habari za swala. Hakuna ng'ombe. Hata unyayo hakuna. Sasa Bwana Mutiso akakosa usingizi kwa sababu nyingine. Mwizi angemwelewa, lakini hesabu isiyofunga ilimkera kuliko mwizi.

Asubuhi moja alipanda kwenye jabali lililo juu ya kilima, lile ambalo tukiwa watoto tulikatazwa kuteleza, akasimama huko akitazama chini. Akaniita. Nikapanda, na magoti yangu hata wakati huo hayakuwa ya kupanda majabali.

"Unaona nini?"

"Vigingi vyetu."

"Viko wapi?"

"Kila mahali. Vile vitambaa vyeupe."

"Sasa niambie haviko wapi."

Nikatazama. Kilima chote kilikuwa na vitambaa vyeupe, vimetawanyika kama kuku waliotupiwa mtama. Isipokuwa ndani ya yale maduara ya minyaa, ile miti ya ua. Huko hakukuwa na hata kimoja. Duara la kwanza hakuna, la pili hakuna, na yale makubwa yaliyoshikana kule ubavuni hakuna.

"Bahati haina adabu, Mama Perez," akasema. "Huingia popote. Kwa nini hapa inapita mbali kama mkwe anayekwepa mlango wa mama mkwe?"

Nikacheka, nisingeweza kujizuia, maana alikuwa amesema sawasawa bila kujua. "Zile ni gunda," nikamwambia.

Gunda kwetu ni mahali palipokuwa boma. Watu huhama wakajenga kwingine, nyumba zinaanguka, ua wa minyaa unabaki umesimama na kukua, na waliozikwa humo wanabaki humo. Si mahali pa kutisha. Ni kwa wenyewe. Mgeni haingii na chuma akakata kitu. Na waliobeba kamba na vigingi vyetu walikuwa vijana wa kilima kile kile, wana wa watu. Namba kutoka kwenye kofia ikiwaangusha ndani ya gunda, walitoka nje ya ua, wakapiga kigingi hapo, wakaendelea na kazi. Hawakuficha, kwa sababu hawakuona cha kuficha. Hata Mzee Marwa alijua, akadhani kila mtu anajua, maana kwao Wakuria wangefanya hivyo hivyo. Kati ya watu wote waliokuwa kambini, mmoja tu hakujua kwamba vigingi vinasogezwa kwa heshima, naye ndiye aliyekuwa akipiga hesabu.

"Ndani kuna nyasi gani?" akauliza.

"Ng'ombe wamelala humo vizazi na vizazi. Samadi imefika magotini."

"Na ng'ombe wa Ochieng hushinda wapi?"

"Humo."

Akakaa juu ya jabali. "Ajuoga hajawahi kukanyaga humo," akasema. "Tumemwuliza habari za nyumba, na jikoni hatukumwingiza."

Tulibaki na mvua za vuli peke yake kabla ya kamati. Ilibidi tuzungushie vipande vichache ndani ya gunda kwa miiba ili ng'ombe wasile, nyasi ziote, tukate, tupime. Lilikuwa jambo dogo. Nikaenda kwa Ochieng nikidhani ataniandalia kuku.

Tulimkuta mlangoni mwa gunda ya babu yetu, mimi, Mzee Marwa na Bwana Mutiso. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Nyaminwa, umeleta mizani kumpima babu?"

"Nimeleta kupima nyasi."

"Nyasi za babu."

"Unataka kuitwa mwizi mbele ya kamati?"

"Nataka waniamini kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako hata mama hakuuamini, Ochieng, na alikuzaa."

"Hakuna makasi yanayoingia humu."

"Ng'ombe wako wanalala juu ya waliozikwa humo kila mchana. Wananya huko. Hujawahi hata kuwakemea."

"Ng'ombe ni wa boma hili."

"Na mimi?"

"Wewe uliolewa. Boma lako liko Homa Bay."

Kwa desturi alikuwa sahihi, na nilikuwa nimeshika makasi. Nikasogea pembeni nikatazama minyaa. Bwana Mutiso akafungua mdomo, Mzee Marwa akamgusa mkono afunge.

Mzee Marwa akavua kofia. Hakusogea hata karibu na ule mlango. "Mwenye boma," akamwambia Ochieng, "sisi hatuingii. Hesabu hii haina haja ya mikono yetu. Wewe ndiye unajua wapi chuma kiguse na wapi kisiguse. Tuonyeshe makaburi, tutayazungushia kamba, tutayatoa kwenye ekari kabisa, kama hayapo. Huko kwingine tutachota namba, wewe utapiga kigingi, wewe utakata. Sisi tutasimama hapa hapa na mizani."

Ochieng akamtazama. "Nikate mimi?"

"Nani mwingine?"

"Mimi nimekuwa mkataji wa serikali?"

"Bila malipo," akasema Mzee Marwa.

Ochieng akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuangusha nazi, nasi huku hatuna minazi. Akasema, "Kwenye makaburi hapana. Kwenye zizi la zamani, sawa. Kwenye uwanja wa nyumba, sawa. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "asinifundishe kukata."

Nilimfundisha kukata. Nilisimama nje ya ua nikampigia kelele kupitia minyaa mvua zilipokwisha, "Umeacha fupi! Unaezeka nyumba ya nani?" Naye ndani akitoa maneno ambayo marehemu babu hakustahili kuyasikia. Konzi ya kwanza aliirusha juu, ikaanguka pale pale gunda, isipimwe, ni ya wenyewe. Bwana Mutiso akauliza kama aipunguze kwenye hesabu. Nikamwambia konzi hiyo haiingii kwenye mashine, anyamaze.

Miiba ilikuwa imelindwa vizuri. Nasikia Ochieng aliilinda kwa msimu wote kama binti anayeposwa.

Tulikausha huko huko Ogwedhi kwenye mabati, jua lilikuwa na huruma. Mifuko ilijaa mpaka tukakosa ya kufungia. Siku ya kupima ikafika. Mkataji mwenzangu alisoma namba ya kibao, mimi nikasoma mizani, Bwana Mutiso akaandika. Mizani ya kipande kimoja cha zizi la babu ilizidi vipande vitatu vya nje ya ua vilivyowekwa pamoja. Nikasoma mara mbili. Ochieng alikuwa amesimama nyuma yangu ananipulizia pumzi shingoni.

"Soma tena," akasema.

"Nimeshasoma tena."

Bwana Mutiso akarudi chini ya turubai, akaingiza jambo la tano katika hesabu: kama mahali palikuwa boma. Akazungusha. Kisha, kwa sababu Ajuoga lazima atabiri kabla, alichagua gunda nyingine ya jirani ambayo hatukuwa tumeigusa, akataja uzito kwa sauti, mwenye gunda hiyo akakata, tukapima. Ajuoga akapata. Mzee Marwa hakusema kafara imepokewa. Alisema, "Sasa amekuwa mtu wa huku."

Kamati ilikaa chini ya bati la soko. Bwana Mutiso alisimama akasema kwamba hesabu yake ya kwanza ya kilima ilikuwa na upungufu, na kwamba hakuna ushahidi wowote kwamba Ochieng aliingia bloku iliyofungwa, na nyasi zilizonenepesha ng'ombe wake zimepatikana ndani ya bloku yake mwenyewe. Jina la Ochieng likabaki. Wazee wakapiga makofi. Ochieng akasimama kushukuru, na angeshukuru mpaka jioni.

Bwana Mutiso akamwambia, "Mzee, kaa. Sijamaliza."

Kwa sababu hesabu mpya ilikuwa imempa kilima ng'ombe wengi zaidi ya mwanzo, zaidi sana, lakini haikufika idadi ya ng'ombe wa Ochieng. Gunda ni tajiri, ila si pana. Na nusu ya nyasi lazima uiachie ardhi, hilo halijadiliwi, iwe gunda au jangwa. Ochieng alitakiwa kutoa watano.

Sijawahi kuona mtu aliyeshinda kesi akitoka na uso kama ule. Alinikamata njiani kuelekea kambini. "Wewe uliisoma hiyo mizani," akasema. "Umenitetea au umenishtaki?"

"Nimekupima."

"Ndugu yako!"

"Nikiwa nimekuokoa na neno la wizi kwa mizani hii, nitaitupa mizani hii hii kwa sababu ya ng'ombe watano? Basi wataanza kuuliza upya na habari ya wizi."

Hakukubali, akashika njia ya kilimani. Nyinyi mnaoenda sasa kwenye vijiji vyenu wenyewe na fomu, mtakutana na swali lile, na watawauliza mbele ya watu. Mjibu kwa uzito uliosomwa, msijibu kwa udugu. Udugu mtauonyesha jikoni.

Kwetu mtu aliyezidiwa na ng'ombe haendi sokoni mbio. Huwaweka kwa rafiki au kwa shemeji, wanakaa kwake, anakunywa maziwa, ndama wakizaliwa wanaelewana. Nilijua Ochieng atawapeleka mahali. Sikufikiri zaidi ya hapo. Kazi ya Ogwedhi ikaisha, nikarudi kwangu Homa Bay kupumzika kabla ya msimu.

Mwezi haukupita. Nikiwa nafua, nikasikia mtu anaamkia ng'ombe kwa sauti barabarani. Ochieng alikuwa amewatembeza watano kutoka Ogwedhi mpaka ziwani, na yule mwekundu aliyempenda kuliko wote akiwa mbele. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Mume wangu, fundi wa mashua asiyejua mbele na nyuma ya ng'ombe, alikuwa amekwisha kusema karibu, karibuni wote.

"Nyaminwa," akasema Ochieng kwa ile sauti laini. "Ulisema boma lako liko Homa Bay."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Basi nimewaleta bomani kwako. Fungua zizi."

Nikampa maji, nikampa kiti, nikamwambia watoto wamtengenezee uji. Kisha nikaingia ndani nikatoka na duara la waya, makasi na mizani.

"Unakwenda wapi?"

"Kupima malisho yangu."

"Leo? Nimetembea siku nzima na jana yake!"

"Kunywa uji."

Nilipima mpaka jua likashuka juu ya ziwa, na mvua ya pale nilikuwa naijua kwa kichwa, kina cha udongo nilikijua, maji yanatuama wapi nilijua. Palikuwa hapajawahi kuwa boma la mtu. Nilipiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi la uani, uzito wa maji nikiupunguza kwa uzoefu, Ochieng akiwa amesimama juu yangu, na mume wangu akijifanya anatafuta msumari.

Hesabu ilitoa watatu, watatu wakabaki. Wawili walilala uani usiku ule wakiwa wageni, wakapewa maji, na asubuhi yule mwekundu akawatangulia mwenzake na Ochieng kurudi njia waliyojia. Alikuwa mmoja wa wawili hao.